Ukumbi Mwepesi wa Nyumba ya Panya

Nayaandika haya kwa anayekubali kuonywa. Asiyekubali aache hapahapa, kesho asije akasema Mama Somoe aliona akanyamaza. Nawaandikia hasa nyinyi wenye kompyuta kuukuu, mliosikia mfumo wa Linux ni mwepesi mkauweka, kisha mkawa mnachukua programu moja kwa hawa na nyingine kwa wale, na sasa mashine inakokota miguu wala hamjui nani kaijaza. Nchi niliyofika mimi inafanana na hali yenu kama shilingi kwa ya pili. Sikwenda kutembea. Nilimfuata mwanangu.

Nchi yenyewe inaitwa Sakafuni. Habari ya njia sina. Anayemfuata mwanawe hufika. Sakafuni hakuna mashamba wala mitaa, kuna kumbi. Sheria yao ya kwanza ni kwamba kazi hufanyika juu ya sakafu ya ukumbi, si pengine. Chini ya ukumbi kuna ghala, giza tupu, pana hata mwisho wake hauonekani, lakini ghalani hakuna afanyaye kazi. Huko watu hulala na vitu huwekwa. Anayetaka kushona, kuchora au kupiga zeze, apande ngazi apewe mkeka wake juu.

Sheria ya pili ndiyo iliyonitia hofu. Kilichoshushwa ghalani kinabaki, hata ukumbi uzimwe taa. Lakini kazi iliyo juu ya sakafu, mwenyewe akitolewa, inatoweka. Haifagiliwi, haichukuliwi na mtu. Haipo tena, kama haikupata kufanywa.

Somoe wangu namjua. Tangu mdogo, utamwita aje ale, atakwambia namaliza hili kwanza. Mvua inamwagika, nguo ziko kambani, namaliza hili kwanza. Na habari zilizonifikia zilisema yuko Sakafuni anashona pazia kubwa la ukumbi, vipande kwa vipande, na tangu aanze hajashusha ghalani hata kimoja. Ndiyo maana nilijifunga kanga kiunoni nikaenda.

Kumbi za huko zina wenyewe, kila moja na nyumba yake. Nyumba ya Unyayo ina ukumbi mpana, na wamevificha vitu vyote. Ukiuliza kiti kiko wapi, wanakuambia kwa upole kwamba hukihitaji kiti. Nyumba ya Gurudumu nayo ina ukumbi mpana, na kila kitu kina vishikio vya kugeuzia. Kiti kinageuzwa urefu, kinageuzwa rangi, kinageuzwa mlio wa kukalia, na mgeni anaweza kushinda akigeuza kiti asikikalie. Ya tatu ni Nyumba ya Panya. Sakafu yake ni ndogo kuliko zote, na majivuno yake ni makubwa kuliko yote. Juu ya mlango wamechonga maneno UKUMBI MWEPESI, na hata salamu yao inatoka humo.

Somoe alikuwa kwa Panya.

Mlangoni nilipokelewa na Bwana Jumlisha, Mpima Mkuu wa ukumbi huo, mtu wa sauti laini na kanzu iliyopigwa pasi mpaka kwenye kwapa.

"Karibu mama. Habari ya wepesi?"

"Nzuri, baba."

"Huku tunaitikia, Kama unyoya."

"Haya, kama unyoya. Namtafuta binti yangu Somoe, mshonaji."

"Aah, mshonaji wa Unyayo! Tunaye. Hapa mama tuna bora ya kila nyumba. Mshonaji tumemwalika kutoka Unyayo, mchoraji kutoka Gurudumu. Wenzetu wanajifungia na watu wao, sisi hatuna ubaguzi. Na ukumbi, kama unavyouona, mwepesi." Akatazama nyuma yangu. "Na watu wako wako wapi?"

"Watu gani?"

"Wa kukufungulia, wa kukupelekea habari, wa kukutandikia."

"Nina mikono yangu, baba."

Akanihurumia kwa macho, akanipisha.

Nikaingia nitazame huo wepesi. Wallahi, sakafu sikuiona. Niliona watu, bega kwa bega, na wengi wao hawakuwa na la kufanya. Wamesimama tu, mikono nyuma, kama waliokuja harusini kwa upande ambao haujafika.

Ikabidi niulize, nikaelezwa. Desturi ya Sakafuni ni kwamba fundi hakanyagi sakafu bila watu wa nyumba yake. Mchoraji wa Gurudumu, kijana mmoja mtanashati aitwaye Rangile, aliitwa hapo kwa kazi ya kuchora picha ndogondogo. Kazi hiyo inataka brashi na mkeka mmoja. Lakini kabla Rangile hajapanda ngazi, walipanda mshika funguo wa Gurudumu, tarishi wa Gurudumu, mwenye rangi wa Gurudumu, mwenye herufi, mtandika mikeka na mpekuzi, na nyuma yao wasaidizi wao. Bila hao Rangile hawezi kushika brashi. Si uvivu, maskini. Kwao hakufundishwa kufungua sanduku. Sanduku lina mfunguaji.

Tabu ni kwamba kazi hizo pale zilikuwa na watu tayari. Niliwakuta washika funguo wawili wamekaa wamepeana migongo mbele ya mlango mmoja, wa Unyayo na wa Gurudumu.

"Mbona wawili?" nikamuuliza wa Gurudumu.

"Yule ni wa Unyayo. Hajui mtindo wetu."

"Mlango ni mmoja?"

"Mmoja."

"Na ufunguo?"

"Uleule."

"Basi?"

"Basi nini, mama?"

Nikaondoka. Ya wapekuzi yalikuwa makubwa zaidi. Mpekuzi kazi yake ni kufungua kila kikapu cha kila mtu na kukariri kilichomo, ili siku mtu akiuliza kitu changu kiko wapi, ajibiwe upesi. Sikumwona mtu aliyeuliza. Wa Unyayo akimaliza kikapu, wa Gurudumu anakifungua upya, maana aliyoyakariri mwenzake hayaamini. Nilipopita walipekua na kifurushi changu, wote wawili, mmoja baada ya mwingine, na wote wawili walikuta mihogo.

Somoe nilimkuta pembeni, kati ya wenzake wa Unyayo: mpiga zeze na mtunza kalenda. Miguu kaikunja, sindano mkononi, na ubavuni vipande vya pazia vimerundikana mpaka begani. Kitambaa chekundu cha damu ya mzee, na maua ya uzi mweupe. Mkono wake ni mzuri, sitasema uongo kwa sababu nina hasira.

"Mama! Shikamoo. Umefikaje?"

"Marahaba. Umevishusha hivyo?"

"Mama, hata hujakaa."

"Somoe, nimekuuliza. Umevishusha ghalani?"

"Pazia halishushwi vipande. Nataka niviunganishe vyote, liwe kitu kimoja, ndipo nilishushe. Hiki ndicho cha mwisho, kimebaki ua moja."

"Na ukitolewa kabla?"

Mpiga zeze akacheka. "Atolewe kwa lipi, mama? Sisi watatu hapa ndio wepesi wa kweli. Tarishi wetu mmoja, mshika funguo wetu mmoja, mtandika mikeka mmoja. Somoe alipokuja alitukuta nao tayari. Aliongeza mkeka wake na mwenye uzi tu."

Hilo lishikeni, kwa sababu ndilo wenye ukumbi hawakulishika. Fundi wa kwanza wa nyumba ngeni ndiye anayekuja na jeshi. Wa pili na wa tatu wa nyumba hiyohiyo wanakuja na mikono yao, wanakuta jeshi liko.

Wakati huo ukumbi ulikuwa umeshaanza kukaba. Sakafuni wana utaratibu: anayesimama bila kazi kwa muda hulazwa usingizi, wachukuzi wakambeba kumshusha ghalani, na akihitajika wakampandisha. Kukiwa na nafasi ni utaratibu wa maana. Kukijaa ni kichaa. Somoe alihitaji uzi, akamwita mwenye uzi. Mwenye uzi alikuwa ameshushwa. Ili apandishwe, akashushwa tarishi. Mwenye uzi akafika juu, akahitaji tarishi wa kumletea mkasi. Ili tarishi apandishwe, akashushwa mwenye uzi. Ngazi zilijaa wachukuzi wenye watu waliolala mabegani, wa kupanda na wa kushuka, wanasukumana kwa viwiko. Mshono ambao nyumbani Somoe angeupiga kabla sijamaliza kumtaja jina, pale ulichukua muda wa kupika wali.

Ndipo likapigwa buruji la baraza. Ukumbi Mwepesi umejaa, na wanataka kujua nani kaujaza.

Nimekwenda mabaraza mengi ya kijijini, na kelele nazijua, lakini hili lilikuwa na wazimu wake. Kulikuwa na kundi linaloitwa Sakafu Tupu. Hao wanapenda kuiona sakafu ikiwa haina mtu. Msemaji wao alisimama akasema siku njema kabisa ya ukumbi ni ile ambayo hakuna anayefanya kazi, sakafu inang'aa, mtu anaweza kuitazama. Watu wakampigia makofi. Nikauliza aliye karibu yangu, sakafu ya kutazamwa inamfaa nani? Akanikazia macho kama nimetukana.

Kundi la pili lilisema sakafu tupu ni hasara, ijazwe. Hao walikuwa na hoja, ila waliishia hapohapo, ijazwe na nani hawakusema. Kisha mzee mmoja wa Panya akasema tatizo haliwezi kuwa la Panya, kwa sababu Panya ni wepesi, imeandikwa mlangoni. Hilo lilikubaliwa bila kura.

"Basi tuhesabu," akasema Bwana Jumlisha. "Kila fundi akiitwa, asimame na watu wake wote."

Akaitwa mtunza kalenda. Akasimama, na wakasimama nao tarishi, mshika funguo, mtandika mikeka, mpekuzi, mwenye herufi na wasaidizi wa Unyayo. Wakahesabiwa, wakaketi. Akaitwa mpiga zeze. Akasimama, na wakasimama walewale. Wakahesabiwa, wakaketi. Akaitwa Somoe. Walewale tena, magoti yanalia, na mwenye uzi juu yao.

Akaitwa Rangile. Watu wake wengi walikuwa chini ghalani wamelala, maana siku hiyo alikuwa hachori. Alisimama na mshika funguo na mpekuzi wake tu. Akatabasamu, akasema, "Mimi mtu wa brashi." Ukumbi ukasifu wepesi wake.

Bwana Jumlisha akajumlisha. Ikatoka kwamba ndani ya ukumbi kuna watu zaidi ya mara mbili ya wanaoweza kuenea, na mzito kupita wote, ambaye kwa sheria yao ndiye hutolewa, ni mshonaji Somoe.

Nikasimama. Sikuwa nimeruhusiwa.

"Baba, samahani. Watu waliosimama mara tatu ni haohao. Yule mwenye kovu, tarishi yule, nimemwona akisimama mara tatu kwa macho yangu."

"Mama," akasema kwa ile sauti yake laini, "hesabu haitazami sura. Ikitazama sura huo ni upendeleo."

"Basi usitazame sura, tazama sakafu. Mtoe fundi mmoja nje kidogo, uone ni mikeka mingapi imebaki wazi. Kisha mrudishe, umtoe mwingine. Si ndiyo kupima?"

Nikafikiri nimewapata.

"Fundi akitoka kazi yake inatoweka," akasema Bwana Jumlisha. "Unataka nimharibie mtu kazi yake ili nipime tu? Mimi si katili, mama."

"Lakini ukishapima vibaya utamtoa kabisa!"

"Hiyo ni sheria. Si mimi."

Watu wakapiga makofi, wakasifu huruma yake.

Anayetoa ni Bwana Kikomo. Huyo haji barazani wala hasikilizi kesi. Anakuja pale mtu anapotaka kukanyaga sakafu akakosa pa kuweka mguu. Anaambiwa jina la mzito, anamfuata, anamshika mkono, wanatoka. Hapigi, hakaripii. Mtunza kalenda aliniambia hajawahi kumsikia akiinua sauti, na hajawahi kumwona mtu aliyerudi na kazi yake.

Nikaona maneno yamekwisha. Mwenye mtoto akishindwa na wenye kipimo, abaki akimbizane na muda.

"Lete vipande," nikamwambia Somoe.

"Mama, nimeshaanza kuviunga. Kimebaki ua."

"Lete vipande nikavishushe."

"Ukivikata hapa mshono utafumuka! Niache, jani moja la ua tu, hata si ua zima!"

Wakati tunavutana, mlangoni palikuwa na shangwe. Wana-Panya, katikati ya ukumbi uliojaa, walikuwa wanapokea mgeni mwingine. Alitoka nyumba ya mbali ambayo jina lake sikulishika, mgeni mdogo tu, kazi yake kuwaambia watu kama nje kuna mvua. Ukumbi una dirisha. Nyuma yake walikuwa wanapanda mshika funguo wake, tarishi wake, na mpekuzi wa tatu.

Mguu wa mpekuzi huyo ukabaki hewani. Hapakuwa na pa kuuweka.

Mlango wa kando ukafunguka. Bwana Kikomo alikuwa mtu mrefu, mkavu, wa kawaida kabisa, mtu ambaye ungemwomba akusaidie kutwika mzigo. Akaanza kuja. Watu waliokuwa hawana hata pa kupumulia walimpatia njia.

Nikainama nikakata ule uzi kwa meno.

"Mama! Ua halijaisha!"

"Litaisha likiwa lipo!" nikamwambia. "Somoe, achia."

Alinitazama. Nilimwona mwanangu akiwa mdogo na nilimwona akiwa mtu mzima, kwa wakati mmoja, anapigana. Kisha akaachia. Alibaki na kipande kimoja, kile cha ua, akakikumbatia, na vingine vyote nikavibeba kichwani nikakimbilia ngazi.

Ngazi sitazisahau. Wachukuzi wawili walikuwa wamekwama katikati, mmoja anapandisha tarishi, mwingine anamshusha mwenye uzi.

"Pisheni, wanangu."

"Foleni, mama."

"Foleni ya nini? Nyinyi mmebeba watu waliolala, mimi nimebeba kazi ya mtu."

"Kila anayeshuka ana foleni."

"Na aliye na mama je?"

Yule wa juu akacheka, mzigo ukamtikisika, pakapatikana upenyo wa bega moja. Nikapita ubavuubavu. Nilikanyaga vidole vya watu, nikatukanwa kwa lugha za nyumba zote. Sikuwa na mtu wa kunifungulia wala wa kunitandikia, na mara hiyo nilishukuru, maana walio na watu wao walikuwa wamesimama wakiwasubiri. Nikafika chini. Nikavitua vipande juu ya ubao mkavu, nikavikandamiza kwa mikono miwili mpaka nikahisi vimekaa. Kisha nikarudi mbio nikachukue kile cha mwisho.

Nilipotoa kichwa juu, Bwana Kikomo alikuwa anasimama mbele ya Somoe. Nikajipenyeza nikasimama kati yao.

"Baba Kikomo. Mshono mmoja tu. Mwache amalize, kisha nitamtoa mwenyewe."

"Mama, mimi sihukumu. Naambiwa jina."

"Aliyekuambia kakosea kuhesabu."

"Huenda."

"Na bado utamtoa?"

"Sakafu imejaa," akasema, bila ubaya wowote. "Nikisimama hapa kubishana, na mimi nimeijaza."

Alinyoosha mkono kupita begani kwangu akamgusa Somoe kiwiko. Nilikuwa nimeshika ncha ya kile kitambaa chenye ua. Nilikihisi vidoleni, nyuzi na vifundo vyake. Kisha vidole vyangu vikakutana vyenyewe kwa vyenyewe.

Somoe hakulia pale. Alitembea na Bwana Kikomo kama mtu anayesindikizwa na mwenyeji wake, nami nyuma. Mlangoni nikageuka, maana nilitaka nione. Kwenye ukumbi mzima ulikuwa umefunguka mkeka mmoja. Mmoja, ule aliokuwa amekalia yeye. Hata mwenye uzi alibaki, maana watu wa nyumba ngeni wakishaingia hakuna mwenye ruhusa ya kuwaambia watoke. Yule mpekuzi wa tatu akauteremsha mguu wake pale, akaanza kufungua vikapu.

"Bwana Jumlisha!" nikapaza sauti. "Umeona? Mkeka mmoja!"

"Nimeona, mama," akanijibu toka mbali. "Binti yako alikuwa anaficha uzito wake. Ndiyo maana ni vizuri tumemtoa."

Nilipokuwa bado nimekodoa macho, mwenye kueleza mvua akaita mtandika mikeka wake, na Bwana Kikomo akarudi ndani. Safari hii alimfuata mtunza kalenda. Ukapatikana mkeka wa pili. Baadaye nilisikia walimtoa na mpiga zeze, na jeshi lote la Unyayo bado limesimama mle, mikono nyuma, halina hata fundi mmoja wa kumtumikia. Rangile hajaguswa. Anahesabiwa mwepesi.

Tulizunguka nyuma mpaka mlango wa chini wa ghala. Humo mgeni haulizwi kitu. Somoe alipapasa gizani mpaka akavikuta vipande, akavihesabu kwa kidole kimoja kimoja, akakosa kile cha ua, akavihesabu tena. Hapo ndipo alipolia. Sikumwambia nilikuonya. Nilitaka sana kumwambia, Mungu anajua. Nilimshikia vile vilivyokuwepo, nikangoja.

"Lile ua lilikuwa zuri, mama."

"Nililiona."

"Sidhani kama nitaweza kulirudia vilevile."

"Utashona jingine. Twende kwenye ukumbi wenye watu wako."

Tukaenda kwa Unyayo wenyewe. Na hapa nataka niwe mwadilifu, kwa sababu sikuandika ili niipambe nyumba yoyote. Ukumbi wa Unyayo si mwepesi. Watu wake ni wengi, na kiti walitunyima. Lakini Somoe alipopanda ngazi hakupandisha mtu. Mshika funguo alikuwepo, tarishi alikuwepo, mwenye uzi wa huko alikuwa ameshakaa na uzi wake. Aliomba mkeka mmoja akapewa. Ukumbi mzito ulimpokea kwa mkeka mmoja. Ule mwepesi ulikuwa umekufa kwa uzito wa wageni wake.

Kwa hiyo sisemi msialike. Mwenye sakafu pana na aalike anayemtaka, nafasi isiyotumika haimlishi mtu. Nasema na wewe mwenye sakafu ndogo. Kabla hujamwita fundi wa nyumba ngeni, uliza anakuja na nani, na uliza hao watatoka lini. Kama nyumba yake imeshaingia kwako kwa sababu ya mwenzake, mwite bila hofu, hataongeza kitu cha maana. Kama hajawahi kuingia hata mmoja, tazama kwanza kama huna mtu wako wa kuifanya kazi hiyo, hata kama hachori kwa madaha. Ukitaka kujua mzito ni nani, usiwasimamishe watu ukajumlisha. Tazama sakafu kabla hajaingia, uitazame tena akishaingia. Na usiamini kilichochongwa juu ya mlango, hata kama ulikichonga mwenyewe.

Nilikaa na Somoe siku za mwanzo, nimeegemea nguzo, sisemi. Alianza ua jipya kwenye kipande kipya. Halikuwa kama lile. Majani yake yalikuwa manene kidogo, na la mwisho lilipinda, na nilimwona akilitazama kwa muda akitaka kulifumua alirekebishe. Ukumbi ulikuwa na nafasi, hakuna aliyemkimbiza. Akaitazama sindano. Akakata uzi, akakikunja kile kipande na lile jani lake lililopinda, akainuka, akashuka ngazi.

Nilibaki nimekodolea macho mdomo wa ngazi. Alipotokea tena, alikuwa anakuja kwangu mikono mitupu, na tangu nimzae sijapata kufurahi hivyo kuona mikono ya mwanangu haina kitu.